Nataka kugeuza kayaki ya maji ya kasi niipande kwa magoti na kafi moja. Nianzie wapi?

Kafi Moja, #1

Wakuu salaam. Naomba msaada kabla sijaharibu kitu cha watu. Sawa, ni changu, lakini bado nalipa deni lake.

Niko Sagana, Kenya. Nafanya kazi jikoni kwenye kambi moja ya rafti, zile boti za mpira za kushukia maji ya kasi, kando ya Mto Tana. Siku zisizo na wageni, waongozaji hunipa kayaki nichezee kwenye maji yaliyotulia. Shida yangu ni mgongo. Niliwahi kuanguka na bodaboda, na tangu siku hiyo nikikaa miguu imenyooshwa mbele, dakika 10 tu moto unashuka kutoka kiunoni mpaka shavu la mguu. Kayaki yenyewe inataka ukae hivyo hivyo.

Kupiga magoti hakunisumbui hata kidogo. Nimelelewa Mkatoliki, goti langu linaijua sakafu.

Sasa Olimpiki ya Paris 2024 nikaona kwenye televisheni yule Mfaransa, Nicolas Gestin, akichukua dhahabu ya slalomu ya maji ya kasi. Boti imefunikwa juu kama kayaki, lakini yeye amepiga magoti ndani, na kafi lake lina bapa moja tu. Nikasema hii ndiyo yangu.

Nimepata kayaki kuukuu ya plastiki kwa jamaa aliyekuwa anahama. Urefu mita 2 na sentimita 60, upana 66, tundu la kukalia ni kubwa. Mpango wangu ni kung'oa kiti, kukata godoro la zamani na kurundika vipande niwe na kitu cha kukalia, kufunga mapaja kwa mkanda wa kiti cha matatu, kisha kupaka gundi kila mahali. Jumamosi naanza. Nimekosea wapi?

Kiroboto, #2

Nimekosea kufungua uzi huu nikiwa kazini. Ngoja waje wataalamu, naweka kambi hapa. Vipi mamba lakini?

Kafi Moja, #3

Kiroboto, kipande chetu ni cha mawe na maji yanayokimbia. Viboko na mamba ni huko chini Masinga, na sisi hatufiki.

Fundi Sofa, #4

Kaka, simama hapo hapo kwenye godoro.

Mimi ni fundi wa sofa, Keko, Dar. Boti sizijui, ila sponji nazijua. Godoro lina vitundu vilivyofunguliana, ndiyo maana unalikalia linapumua. Litie majini litakunywa mpaka lishibe, na tandiko lako litakuwa na uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Halafu halikauki. Baada ya wiki mbili utafukuzwa nyumbani kwa harufu.

Unachotaka ni ile raba ya povu ambayo vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake. Mafundi viatu wanaiuza kwa shiti, ndiyo hiyo wanayokatia ndala. Mikeka minene ya mazoezi nayo mingi ni ya namna hiyo, ila si yote, kwa hiyo jaribu. Kata kipande cha ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, kipime kwenye mizani ya duka, kizamishe kwenye ndoo chini ya jiwe usiku kucha. Asubuhi kifute, kipime tena. Kikiwa kimeongezeka uzito, mrudishie mwenye duka.

Gundi ni ile ya fundi viatu, ya kopo. Unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole hainati, ndipo unaunganisha. Ikishashikana imeshikana, hakuna kusogeza. Na ufanyie nje, mbali na jiko. Mvuke wake unalewesha na unashika moto.

Kafi Moja, #5

Fundi, Mungu akuweke. Godoro nimelirudisha stoo. Hiyo gundi itashika kwenye plastiki ya boti?

Fundi Sofa, #6

Boti ni plastiki gani? Kama ni ile ya matangi meusi ya maji, gundi inashika leo, kesho unaibandua kama ganda la ndizi.

Bujagali Zamani, #7

Ni hiyo hiyo, fundi. Kayaki hizi na matangi ni ndugu wa tumbo moja: unga wa plastiki unawekwa ndani ya kalibu, kalibu inapashwa moto huku inazungushwa, plastiki inajipaka ukutani. Kwa hiyo gundi peke yake usiitegemee kwa kitu kitakachobeba uzito wako.

Mimi niko Jinja, upande wa Uganda, nimeongoza watu kwenye Nile tangu kabla maporomoko ya Bujagali hayajazamishwa na bwawa mwaka 2011. Jina langu la humu linatoka hapo. Nimeshuhudia kayaki tatu zikigeuzwa namna hii. Moja ilifanikiwa, moja ikawa chombo cha kupandia maua.

Kafi Moja, kabla ya kung'oa chochote, chungulia ndani ya boti kwa tochi. Utaona ukuta wa povu gumu umesimama katikati mbele, kati ya sitaha, yaani kile kifuniko cha juu cha boti, na sakafu, na mwingine nyuma ya kiti. Hizo ni nguzo, usiziguse. Boti ikibanwa kwenye jiwe, ndizo zinazozuia sitaha isikulalie mapajani. Kiti chenyewe nacho kinaikaza sakafu katikati. Ukikitoa, pale pakabaki wazi, sakafu italegea na kubonyea kila unapogusa mwamba.

Kwa hiyo tandiko lako liwe gogo moja la povu linalojaza nafasi yote kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma. Likate liwe refu zaidi kwa sentimita moja kuliko nafasi yenyewe, liingie kwa kusukumwa na ngumi. Likikazwa na nguzo mbele na nyuma, gundi inabaki kazi ya kulizuia lisiteleze pembeni tu. Hapo itatosha. Piga plastiki msasa kwanza, ifute kwa spiriti, iache ikauke kabisa.

Kiti cha zamani usikitupe. Na zile skrubu za pembeni mwa tundu zilizokishikilia ni mali. Plastiki imeshatobolewa pale na kiwanda, ndipo pa kufungia mikanda.

Mbeba Box, #8

Aisee uzi umenoga. Niko Ujerumani, Bavaria. Nilianza mchezo huu ukubwani nikiwa Augsburg, kwenye ule mfereji waliouchimba kwa ajili ya Olimpiki ya 1972. Mchezo wenyewe wa slalomu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza hapo hapo, ukatolewa, ukarudi Barcelona 1992. Akina mama wa kupiga magoti walisubiri mpaka Tokyo, na Jessica Fox wa Australia ndiye akawa wa kwanza kubeba dhahabu yao.

Boti za mashindano ni kitu kingine: urefu mita 3.5, upana sentimita 60, nyepesi, ukiigonga jiwe unalia. Sisi wa kujifunza hii ya plastiki inatutosha, na upana wako wa 66 ni bahati. Ukipiga magoti kiwiliwili kinapanda juu, kwa hiyo boti inayumba kuliko ulivyozoea. Nyembamba ingekutesa.

Nikuambie jambo moja ambalo hujaliuliza. Umeandika kiti, godoro, mkanda, gundi. Hujaandika utatokaje.

Kwenye kayaki ukipinduka unavuta kile kitambaa cha kufunika tundu, unasukuma, miguu inateleza yenyewe kama unavua suruali. Kwenye magoti miguu imekunjwa chini yako, vidole vimeelekea nyuma, mapaja yamefungwa. Kila unachokitengeneza humo ndani jiulize kwanza: mguu wangu unatoka hapa ukiwa umeinama kichwa chini, gizani, na maji puani?

Kwa hiyo:

Usitengeneze benchi, yaani ubao unaokatiza upande hadi upande na miguu inapita chini yake. Miguu ikikwama hapo basi. Tandiko liwe la katikati kama la farasi, miguu ikae pembeni kulia na kushoto, bila kitu juu yake.

Urefu wa tandiko kutoka sakafuni uwe sentimita 15 hadi 20. Chini sana unaua vifundo vya miguu na magoti, juu sana unayumba. Anza na 20 kisha ukate taratibu. Povu halirudi likishakatwa.

Mkanda wa matatu kama kitambaa hauna shida. Bizimu lake, kile kifungio, ndilo baya, linataka ubonyeze kitufe mahali usipopaona na litakula kutu. Tafuta bizimu la kufunguka kwa kuvuta ncha moja. Mkanda upite katikati ya paja, si juu ya nyonga, na ncha ya kuvuta ufunge kipira au kipande cha mpira wa kuchezea watoto ili mkono uipate bila macho.

Na mwezi wa kwanza usiufunge kabisa. Jifunze kukaa bila mkanda.

Kafi Moja, #9

Mkuu hapo kwenye "hujaandika utatokaje" nimeweka simu chini nikaenda kunywa chai.

Bin Nahodha, #10

Assalaam alaykum jamaa. Nawasoma kutoka Lamu. Nimefurahi kijana kuandika *kafi*, maana siku hizi kila kijiti cha kusukumia chombo huitwa kasia. Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo, mvutaji akalipa mgongo omo, yaani mbele ya chombo. Kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote, na mpigaji hutazama aendako. Huyo wa kwenye televisheni alishika kafi.

Nami sioni ajabu ya magoti. Babu yangu akienda mtegoni na mtumbwi mdogo hupiga magoti juu ya kipande cha jamvi, kafi upande mmoja tu kutoka gatini mpaka mkondoni, na chombo kinakwenda moja kwa moja. Wageni hubadilisha mkono kila pigo la tatu kama watu wanaotwanga. Siri iko mwishoni mwa pigo. Kafi likifika usawa wa nyonga, unaligeuza bapa, dole gumba la mkono wa juu likitazama chini, unasukuma maji kidogo kwenda nje. Omo inarudi njiani. Usisukume sana, ni kama kumsukuma mtoto kitandani asogee.

Kwa hicho kikao chenu, kijana, kama una rafiki Mwislamu mwangalie akiwa kwenye tahiyatu. Magoti yamekunjwa, uzito umekaa nyuma, kiwiliwili kimenyooka. Ndicho hicho, isipokuwa magoti yatanuke zaidi.

Mpoza Viungo, #11

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Arusha. Kafi Moja, pole na mgongo. Maumivu yanayoshuka hadi shavu la mguu ni ya mshipa wa fahamu, na kama hujaonwa na mtu tangu uanguke, nenda uonwe, magoti au bila magoti.

Kuhusu ganzi. Kupiga magoti muda mrefu kunabana damu na kunabana mshipa wa fahamu unaopita pembeni chini ya goti. Ganzi kidogo inayoisha dakika moja baada ya kunyoosha miguu ni ya kawaida kwa anayeanza. Ukisimama ukakuta huwezi kuinua nyayo, au ganzi imekaa hadi jioni, umezidisha. Anza dakika 5, unyooshe, kisha 8, kisha 10. Fanya sebuleni kila siku mbele ya taarifa ya habari kabla hujafanya mtoni. Na chini ya kifundo, pale mguu unapoacha nafasi na sakafu, weka kigogo laini cha duara ili uzito usiishie kwenye vidole.

Kuna wanaoshindwa kwa sababu ya magoti yenyewe, hasa wenye gegedu iliyochakaa. Wewe umesema huna shida hiyo, basi endelea.

Kafi Moja, #12

Mrejesho wa wiki mbili.

Nimepata shiti za raba kwa fundi viatu wa hapa Sagana, za bluu na nyekundu, unene sentimita 2 kila moja. Nimezijaribu kwenye ndoo kama Fundi Sofa alivyosema. Ya bluu haikunywa kitu. Nyekundu ilinywa, nikairudisha, tukagombana kidogo, tukaelewana.

Nikaunganisha tabaka 10, nikapata gogo la sentimita 20. Kukata ilikuwa kazi ya Jumapili nzima. Kisu kinararua. Kilichofanya kazi ni wembe wa msumeno wa chuma, bila fremu yake, nimeushika kwa kitambaa. Kulainisha nikafunga msasa kwenye kopo la maziwa. Nikachonga kitako kikae ndani kidogo, na mbele nikapunguza upana mapaja yapite. Mikono, nywele, mbwa, vyote vilikuwa vya bluu.

Sikupaka gundi kwenye boti. Nililisindika tandiko tu kati ya nguzo kama Bujagali Zamani alivyoelekeza, nikaenda mtoni na mwongozaji mmoja wa kambi, kwenye lile dimbwi la chini ambako maji yanafika kifuani.

Kafi sikununua. Makafi ya rafti ni yale yale, bapa moja na mpini wa herufi T. Yapo ya wageni na marefu ya waongozaji, nikachukua la wageni.

Dakika ya kwanza nilijisikia mfalme. Ya pili nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Bin Nahodha, hiyo ya dole gumba chini ni ngumu usipokuwa na babu.

Kisha mambo matatu yakanikuta.

La kwanza, shetri, yaani nyuma ya boti, ilizama. Mwenzangu alisema omo imeinuka kama pua ya mtu mwenye madharau. Nikijaribu kukata ule mstari kati ya maji yanayoshuka na yanayorudi nyuma ya jiwe, mkia ulinaswa na nikaenda chini.

La pili, nilipokwenda chini, mguu wa kulia ulitoka na wa kushoto ukakwama. Sikuwa na mkanda. Ni kiatu! Nilivaa raba za kukimbilia, kisigino chake kinene kikaingia chini ya ubavu wa tandiko kikashika. Nilihesabu mpaka nne kabla sijakichomoa. Mwenzangu alikuwa ameshanishika jaketi.

La tatu, dakika ya nane miguu ilikufa yote. Nilitoka majini nikitambaa, na wageni wawili wa kambi wakapiga picha.

Kiroboto, #13

Hiyo picha itupie hapa mkuu.

Mbeba Box, #14

Hongera kwa kutopaka gundi. Kuna mtu angekuwa analia sasa hivi na kisu mkononi.

Shetri kuzama ni hesabu. Ukikaa kikayaki miguu imenyooka mbele na uzito wake unaisukuma omo chini. Ukiikunja miguu, uzito wote ule unarudi nyuma pamoja nawe. Sasa ukiweka kitako pale pale kilipokuwa kiti, lazima mkia uzame. Sogeza sehemu ya kukalia mbele, sentimita 3, 5, jaribu. Mpaka wako ni magoti, yasifike mahali ambapo ukingo wa tundu unayazuia kutoka.

Kuna njia ya kupima bila kubahatisha. Boti ikiwa tupu juu ya maji, weka pima maji ya fundi mwashi juu ya sitaha, tia alama pale povu lake liliposimama. Kisha uingie, mwenzako asome tena. Unataka povu lirudi karibu na alama ile ile.

Bujagali Zamani, #15

Kiatu kimekusomesha mapema, na ada ilikuwa ndogo. Vaa soli nyembamba, kama zile za mpira za kuogelea, au soksi nene. Na kamba za viatu zisiwepo. Halafu ule ubavu wa tandiko uutie mteremko, upana chini na wembamba juu, pasibaki pango la kuingiza kisigino.

Jambo jingine la mto wenu. Sisi huku Nile maji ni mengi na yana kina, ukipinduka unaning'inia ndani ya maji matupu. Tana pale Sagana mna mawe karibu. Na wewe umekaa juu kuliko mwenye kayaki, maana yake ukipinduka kichwa chako kinafika chini zaidi kuliko chake. Kofia ngumu hata kwenye dimbwi. Ukipinduka jikunje mbele, uso karibu na sitaha, mgongo na kofia ndivyo vikutane na jiwe.

Nafasi ya nyuma umejaza nini? Boti yenye maji haibebeki.

Kafi Moja, #16

Nyuma sijajaza kitu. Mifuko ya hewa ya dukani bei yake ni ya kuvunja urafiki.

Bin Nahodha, #17

Mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, ukunjwe mara mbili, utiwe upepo ukiwa ndani. Sisi hufua maji kwa kata, lakini chombo chenu kimefunikwa juu, utafua kwa nini? Bora yasipate pa kukaa.

Fundi Sofa, #18

Au chupa za maji za lita 5, vifuniko vipakwe gundi, zifungwe kwa wavu wa vitunguu zisizurure.

Kafi Moja, #19

Mrejesho wa pili. Ni wiki tano sasa tangu nifungue uzi. Mvua za vuli zimeanza na mto umepanda rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo tumebaki kwenye dimbwi na kile kipande cha mawimbi madogo chini yake.

Tandiko nimelikata kutoka 20 hadi 17. Nimesogea mbele sentimita 5, na pima maji inasoma karibu sawa. Ubavu una mteremko. Chini ya magoti nimeweka raba ya sentimita 2 na nikaichonga kibakuli kila upande. Hii sikuambiwa na mtu, nimeigundua kwa maumivu: kabla ya kibakuli magoti yalikuwa yanateleza kuja katikati na boti inayumba, sasa yanakaa mbali na najisikia nimesimama kwa miguu mitatu kama kigoda. Chini ya vifundo nimeweka kigogo cha duara kama Mpoza Viungo alivyosema. Nyuma ya vidole vya miguu, kipande kidogo cha kukanyagia, nikisukuma hapo magoti yanabana mbele.

Ganzi sasa inakuja dakika ya 14. Mgongo, dakika ya 14, kimya kabisa. Sijui kama mnaelewa hilo neno kwangu lina maana gani.

Kutoka nimefanya mara 20, nimehesabu kwa kokoto. Kumi kwenye maji ya kifuani, kumi ndani ya mkondo mdogo, mwenzangu akiwa pembeni kila mara. Gundi niliipaka baada ya ile ya 20. Mikanda iko kwenye zile skrubu za kiti cha zamani, na ncha zake mbili nimezifunga pamoja kwenye kipira chekundu. Nimeivaa mara mbili tu, nikiwa nimeilegeza.

Nyuma nimetia mpira wa pikipiki. Asante sana Bin Nahodha, bei ilikuwa sufuri, karakana ya jirani.

Juzi nimevuka mstari wa maji. Nilitoka nyuma ya jiwe, omo ikashikwa na mkondo, nikainamia upande wa kafi, boti ikageuka yenyewe ikatazama chini. Nilipiga kelele mpaka mpishi mwenzangu akatoka jikoni na mwiko.

Shida iliyobaki ni upande wa kushoto. Kafi langu liko kulia. Boti ikielekea kulia nakuwa sina dawa.

Mbeba Box, #20

Dawa ipo, usibadilishe mikono. Zungusha kiwiliwili, vusha kafi juu ya omo bila kuachia mpini, lichome majini upande wa kushoto mbele ya goti, uvute omo ije kwenye kafi. Mikono inabaki ilivyoshika. Utahisi umejifunga fundo. Fanya kwanza boti ikiwa kwenye nyasi, mara 50.

Na angalia urefu wa kafi hilo. Ukiwa umekaa kwenye tandiko na bapa lote limezama, mpini uishie kati ya kidevu na pua. Likiwa refu zaidi, kuvusha huko ndiko kunakukwamisha.

Kafi Moja, #21

Linafika kwenye nyusi. Sasa nimeelewa.

Fundi Sofa, #22

Likate kwenye shingo ya mpini, si kwenye bapa, halafu rudisha T yake kwa gundi ya mchanganyiko, ile ya mirija miwili. Na uulize kambi kwanza kama ni lao.

Kafi Moja, #23

Ni lao. Naenda kuuliza.

Mzito wa Juu, #24

Wakuu nimesoma uzi wote kwa mkupuo mmoja. Niko Thika, kilo 104, goti zima, mgongo kama wa jamaa. Boti kama hiyo itanibeba au nitakuwa nyambizi?

Bujagali Zamani, #25

Tazama kibandiko karibu na tundu la boti unayotaka kununua, kayaki nyingi zimeandikwa zinabeba kilo ngapi hadi ngapi. Wewe tafuta ambayo hufiki kikomo chake cha juu, maana magoti yanataka boti ielee juu. Zile fupi za kuchezea mawimbi achana nazo, mkia wake umebanwa mwembamba makusudi uzame.

Kafi Moja, #26

Kibandiko cha yangu kimefutika, lakini Thika si mbali. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa dimbwini kama mto utakuwa umeshuka. Njoo ukae ndani yake kwenye maji ya kifuani tuone povu la pima maji linasemaje. Vaa viatu vya soli nyembamba, visivyo na kamba. Kofia ipo. Chapati zipo.